Jasho la Ndoo ya Jirani

Nchi hii msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ilikuwemo, ila ramani zote ziliitwa ofisini zikafanyiwe marekebisho, na afisa aliyekabidhiwa kalamu bado yuko semina. Mimi naisimulia kwa mapenzi tu, kwa sababu ni nchi nzuri, yenye viongozi wanaofikiria afya za watu hata pale watu wenyewe wanapofikiria mambo mengine, kama vile chakula.

Mambo yalianza siku Mkuu wa Nchi alipopanda mizani. Daktari wake, mgeni ambaye alikuwa hajazoea mila, alimwambia waziwazi kwamba amezidi uzito. Daktari alisafirishwa kwao siku ileile kwa heshima zote, akapewa na kinyago cha kumbukumbu, lakini neno likishatoka halirudi. Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili. Likaona si adabu Mkuu wa Nchi awe mnene peke yake, basi likatangaza kwamba taifa zima limezidi uzito.

Watu walilisikia tangazo redioni wakiwa kwenye foleni ya unga. Wakatazamana. Wengine walijishika mbavu, wakazihesabu, wakajilaumu kwa kunenepa bila kujijua.

Ikaundwa Wizara ya Siha na Jasho. Kila mtu mzima alitakiwa aunguze kalori elfu mbili ndani ya wiki moja ya kila robo mwaka, serikali ikiona, ndipo apewe Cheti cha Jasho. Asiye na cheti hapati leseni ya biashara, hafungi ndoa, na mtoto wake haandikishwi darasa la kwanza. Kalori, kwa wasiojua, ni kitu kilichomo ndani ya chakula. Wananchi wengi walifurahi sana kusikia kwamba wanazo.

*

Waziri mwenyewe aliitwa Mheshimiwa Lubatula. Mkewe, Bi. Adelina, alikuwa mama mwenye mwili wake na wakati wake. Kukimbia hapendi. Kuruka kamba ndiyo kabisa. Alichokipenda ni kununua, na asubuhi moja, mezani, alimwuliza mumewe swali lililobadili historia.

"Baba Janeti, jana kutwa nzima nimezunguka madukani. Miguu inawaka moto mpaka nimeilaza kwenye beseni. Halafu wewe unaniambia sijafanya mazoezi?"

Waziri akaweka kikombe chini. "Swali hilo, mke wangu, si la kujibiwa na mtu mmoja akinywa chai. Hilo ni la kitaifa."

Ikateuliwa Tume ya watu kumi na wanne kuchunguza iwapo manunuzi ni mazoezi. Nchini hakukuwa na maduka makubwa ya kutosha kwa utafiti, hivyo Tume ikasafiri ng'ambo siku arobaini. Ilifanya kazi kwa kujitoa mno. Ilirudi na masanduku sitini na mawili ya vielelezo, ambavyo wajumbe walikwenda kuvihifadhi majumbani mwao, na ripoti ya kurasa mia tisa. Waziri aliisoma kwa kifupi uwanjani, akitumia saa tatu.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wanasayansi wetu wamethibitisha, bila chembe ya shaka na bila chembe ya usingizi, kwamba manunuzi ni mazoezi! Kusukuma toroli ni zoezi. Kunyoosha mkono kwenye rafu ya juu ni zoezi. Kuinamia rafu ya chini ni zoezi zito, linataka ushauri wa daktari. Lakini! Tusichanganye mazoezi na shida. Hivi mwanariadha anakimbia kwa sababu ana pa kwenda? Hana! Anauzunguka uwanja, anarudi palepale alipotoka. Angekuwa na pa kwenda, huyo angeitwa msafiri!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Waliokuja kwa miguu kutoka mbali walitikisa kichwa kwa majonzi, kwamba muda wote ule walikuwa wasafiri.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kifungu cha Nne, ambacho nakinukuu chote kwa kuwa ni kifupi na kitamu: *Zoezi ni harakati ya mwili ambayo mwenye kuifanya hana haja nayo. Harakati yenye haja ni kazi, na kazi haiunguzi kalori.*

Bi. Adelina akapata cheti namba moja. Alikuwa amenunua mashine tatu za kukatia majani, ilhali ua wao wote umewekwa marumaru. Na Mkuu wa Nchi, kwa kuwa hakuna kitu duniani anachokihitaji, ilionekana kisheria kwamba kila alifanyalo ni zoezi, kulala kukiwemo. Aliongoza taifa kwa kalori nyingi sana.

Mbele ya kila duka akawekwa karani mwenye daftari. Kazi yake kuuliza swali moja tu: "Ulichonunua, unakihitaji?" Ukisema ndiyo, unaandikiwa sifuri. Watu walijifunza upesi. Mtu ananunua chumvi ya kupimwa kwa kijiko, anaulizwa, anajibu, "Chumvi? Sisi kwetu hatuli chumvi, nimeipenda rangi tu." Na ilitokea siku moja Bwana Ndaro, fundi viatu, akatoka dukani na sanda ya kumzikia mjomba wake. Karani akamwuliza kama anaihitaji.

"Mimi?" Bwana Ndaro akashtuka. "Mimi niihitaji ya nini? Anayeihitaji ni marehemu."

Karani akakuna kichwa, akapekua kitabu, akaona mtu huyu hana kosa. Akamwandikia kalori themanini na pole.

*

Sasa katika mji mkuu wa nchi hiyo kuna mtaa uko juu ya kilima, unaitwa Ngazi Mia Tatu. Ngazi zenyewe ni mia tatu na kumi na mbili. Hizo kumi na mbili zimeongezwa na mvua, serikali haijazitambua. Bomba la maji liko chini bondeni. Huko juu aliishi Zawena, mama mwenye mtoto mmoja wa kike, Kibibi, aliyekuwa ametimiza miaka saba na tayari anajua kuhesabu hadi mia tatu na kumi na mbili. Zaidi ya hapo alikuwa hajapata sababu.

Zawena alitaka kitu kimoja: Kibibi aandikishwe darasa la kwanza. Orodha ingefungwa Ijumaa saa kumi alasiri. Mtoto ambaye angekosa angesubiri mwaka, na mwaka uliopita alikuwa ameshasubiri mmoja, kwa sababu nafasi zilijaa. Sare ilikuwa imeshashonwa. Kila asubuhi Kibibi aliijaribu, na kila asubuhi pindo la sketi lilipanda kidogo.

Jumatatu Zawena alikwenda kwa Afisa Jasho wa Kata, Bwana Mashimba, mtu mnene mpole aliyekaa nyuma ya meza yenye bendera. Kata nzima ilikuwa na kipimajasho kimoja. Kwa kuwa cha kwanza kiliibwa, hiki cha pili kilifungwa mnyororo wa mita moja kwenye mkanda wa Bwana Mashimba.

"Shikamoo, bwana afisa."

"Marahaba, dada. Wiki iliyopita umeunguza nini?"

"Nimepanda kilima na ndoo kichwani mara ishirini na nane."

Bwana Mashimba akapiga mluzi, akachukua kalamu. "Maji ya nani hayo?"

"Yangu."

"Unayahitaji?"

"Jamani, bwana afisa, na maji nayo kuna asiyeyahitaji?"

Kalamu ikashuka. "Hiyo ni kazi. Sifuri. Kingine?"

"Nimefua."

"Nguo za nani?"

"Zetu."

"Sifuri."

"Nimetwanga mahindi. Na usiniulize ya nani, maana naona unavyoniangalia."

"Sifuri, dada yangu." Akainama mezani, akapunguza sauti kama mtu anayetoa siri ya ofisi. "Sikiliza. Nenda dukani. Nunua kitu usichokihitaji. Hata kidogo tu. Zunguka na toroli, mambo yatakuwa mepesi."

"Bwana Mashimba, mimi hata ninachokihitaji sinacho cha kukinunulia."

"Aa," alisema Bwana Mashimba kwa huruma ya kweli kabisa. "Hilo sasa ni la wizara nyingine."

*

Zawena alikuwa anasoma darasa la jioni la watu wazima, na mwalimu wake alikuwa na tabia nzuri ya kumsomesha mtu chochote kilichoandikwa. Jioni ile walisoma Kifungu cha Nne, kutoka kwenye karatasi iliyofungiwa karanga. Zawena alipitisha kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye *mwenye kuifanya*, kidole kikasimama. Akamkumbuka Bwana Ndaro na sanda.

Alipotoka darasani alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, Bi. Mwatumu, mama wa makamo aliyeuza vitumbua na ambaye leseni yake nayo ilikuwa inasubiri cheti.

"Bi. Mwatumu, kesho maji yako nitakuchotea mimi."

"Kwani nimeumwa?"

"Hujaumwa. Mimi nitakuchotea wewe, na wewe utanichotea mimi."

Bi. Mwatumu akaacha kuosha bakuli. "Hebu subiri, mwanangu. Nikuchotee wewe, unichotee mimi. Ndoo zilezile?"

"Zilezile."

"Ngazi zilezile?"

"Zilezile."

"Na hapo ndiyo tumekuwa wanamichezo?"

"Kwa mujibu wa Kifungu cha Nne."

"Haya," Bi. Mwatumu akasema akikung'uta mikono. "Wendawazimu ukigongwa muhuri unaitwa sheria. Tuamke saa ngapi?"

Jambo halikuwa jepesi hivyo. Bwana Mashimba alipoelezwa, alipiga simu wizarani. Wizara ikauliza kama maji ya Bi. Mwatumu yatanywewa na Zawena. Akajibu hapana. Ikauliza kama Zawena ana haja yoyote na usafi wa vyombo vya Bi. Mwatumu. Zawena akaapa kwamba hana. Siku mbili nzima faili lilizunguka kutoka meza hii kwenda meza ile, na inasemekana maafisa waliolibeba waliandikiwa kalori, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja nalo. Alhamisi jioni jibu likaja: kwa kufuata Shauri la Sanda, maombi yamekubaliwa. Chini kabisa paliongezwa sharti dogo, kwamba shahidi wa jasho sharti awe kwenye mwinuko uleule na mtoa jasho.

Bwana Mashimba alilisoma sharti hilo mara tatu. Kisha akachungulia dirishani, akakitazama kilima.

*

Ijumaa waliianza saa moja asubuhi. Kipimajasho kilivishwa mkononi mwa Zawena, mnyororo ukaenda hadi kwenye mkanda wa Bwana Mashimba, na hivyo wakapanda, mama mwenye ndoo kichwani mbele, na serikali nyuma yake mita moja. Kila safari ilikuwa kalori mia mbili. Zilihitajika safari kumi.

Safari ya kwanza Bwana Mashimba alisalimiana na watu wote. Ya pili alisalimiana na wachache. Ya tatu aliinua mkono tu.

"Hivi," akauliza katika safari ya tano, akiwa ameshika ukuta, "nyie hii mnafanya kila siku?"

"Mara nne kwa siku, bwana afisa."

"Na ni kazi?"

"Mwenyewe uliniandikia sifuri."

Bwana Mashimba mwenyewe alikuwa anatoka jasho la kujaza kata, lakini kwa kuwa aliuhitaji mshahara, lilikuwa kazi.

Safari ya nane walipumzika mara sita. Ya tisa walipumzika mara nyingi kuliko ngazi. Kibibi alikuwa amekaa juu kabisa na sare yake, miguu imebanwa pamoja isichafuke, anahesabu kwa sauti kila wanapopanda. Ilipofika saa tisa na nusu, katika safari ya kumi, kwenye ngazi ya mia mbili na nne, Bwana Mashimba akaketi.

"Siwezi, dada."

"Bwana Mashimba, zimebaki mia moja na nane."

"Hata zingebaki nane. Moyo unanigonga mpaka masikioni. Niache. Nenda peke yako."

"Niende vipi, nawe umenifunga mnyororo?"

Na ndivyo ilivyokuwa. Ndoo ikimwagika, safari inafutwa. Kipimajasho kikivuliwa, hesabu inaanza upya. Zawena akasimama na ndoo ya lita ishirini kichwani, hawezi kupanda, hawezi kutua, anatazama juu alipo mwanawe. Machozi yalimjaa lakini hakuyaacha yatoke, akihofia yatachanganyika na jasho.

Bi. Mwatumu alikuwa amesimama mlangoni akiona yote. Akapiga vigelegele vya kuitana. Wakatoka akina mama wanne, kanga zimefungwa kiunoni.

"Mwanangu, wewe shika ndoo yako, usigeuke," alisema. "Sisi tutakuletea huyu bwana."

"Akina mama, jamani, mimi ni afisa wa serikali!"

"Tunajua, baba. Ndiyo maana mzito."

Wawili wakamshika makwapa, wawili wakamsukuma mgongoni. Bwana Mashimba alipanda ngazi mia moja na nane akiwa hagusi chini ila kwa ncha za viatu, na hata katika hali hiyo alikumbuka wajibu.

"Mnanihitaji?" akauliza akihema.

"Sisi? Hata kidogo!" wakajibu kwa pamoja.

"Basi... nitawaandikia... hamsini hamsini."

Juu kabisa Zawena akatua ndoo mlangoni kwa Bi. Mwatumu bila tone kumwagika. Muhuri Bwana Mashimba alitembea nao mfukoni, kwa kuwa ofisini unaibwa. Aliugonga kwenye cheti akiwa amelala chali, karatasi ikiwa juu ya tumbo lake. Saa kumi kasoro dakika nane.

Zawena hakusema hata asante. Alimkamata Kibibi mkono wakashuka mbio ngazi zote zile hadi shuleni, na kwa kuwa alikuwa na pa kwenda, mbio zile haziko kwenye kumbukumbu za serikali. Mwalimu Mkuu alikuwa anafunika kalamu.

"Bado dakika moja, mwalimu," Zawena akasema. Alikuwa hana pumzi nyingine.

Mwalimu Mkuu akaitazama saa, akamtazama mtoto mwenye sketi fupi, akaifunua kalamu.

*

Habari ikaenea. Wiki ya pili Ngazi Mia Tatu nzima ilikuwa inachoteana maji. Wiki ya nne mji mzima unafagiliana nyua. Mtu aliyekuwa hapiki kwake alipika kwa jirani, na jirani akapika kwake. Zamani jambo hili lilikuwepo na liliitwa ujirani, ila lilikosa fomu, ndiyo maana lilififia. Mzee mmoja asiye na mtoto wala ndugu, ambaye mtungi wake ulikuwa haujawahi kujaa, alipata ndoo kumi na moja asubuhi moja. Jioni alikwenda kwa mjumbe kuomba watu wapunguze.

Wizara ilitangaza kwamba sera imefaulu. Mheshimiwa Lubatula alikuja mwenyewe kukiona kilima, akakitazama akiwa ndani ya gari, akasema hii ni hazina ya taifa na lazima ilindwe. Mhandisi aliyekuwa ameanza kupima njia ya kupandisha bomba la maji akaambiwa aache mara moja, asije akaharibu uwanja wa michezo.

Akina mama walimsikiliza waziri hadi mwisho. Kisha Bi. Mwatumu akauliza kwa sauti ya upole, kama yeye Mheshimiwa anaruhusiwa kuchotewa. Waziri akasema serikali haipendelei kujinufaisha.

*

Shule ikafunguliwa Januari. Wizara, kwa kutopenda kupoteza hata jasho dogo, ilikuwa imeongeza kwamba kumsindikiza mtoto shuleni siku ya kwanza ni kalori mia tatu, ilimradi mtoto asiwe wako. Bwana Mashimba aliwekwa langoni na daftari na mnyororo wake. Alikuwa amepungua sana; mkanda aliutoboa matundu mapya mawili.

Asubuhi ile barabara ya shule ilikuwa na vurugu la aina yake. Kila mama alikuja na mtoto wa mwenzake. Watoto walilia wakigeuka nyuma kuwatafuta mama zao, ambao walikuwa hatua kumi tu, wamewashika mikono watoto wengine, wanajikaza kutazama mbele. Mmoja alimponyoka Bi. Mwatumu akakimbilia kanga ya mamake, akarudishwa, na Bi. Mwatumu akaandikiwa kalori za usumbufu.

Zawena akafika na Kibibi. Pindo la sketi alikuwa amelishusha, mstari wa zamani unaonekana.

"Karibu, dada Zawena," alisema Bwana Mashimba. "Huyu wa nani?"

"Wangu."

Bwana Mashimba akageuza shingo kuona kama kuna anayesikia. "Dada, rudi nyuma kidogo, pale kwenye kona. Mpe Bi. Mwatumu huyo wako, wewe chukua yeyote. Dakika mbili tu. Mia tatu hizo."

"Najua."

"Robo hii huna hata kalori moja."

"Najua, bwana afisa. Nitatafuta kesho."

Bwana Mashimba alisubiri kidogo, labda Zawena atabadili mawazo. Nyuma foleni ilikuwa inarefuka. Mwishowe ikabidi aulize swali la kazi.

"Unamhitaji?"

Zawena akaushika mkono wa mwanawe vizuri zaidi.

"Namhitaji."

Bwana Mashimba akaandika sifuri, akamgeuzia daftari athibitishe. Zawena aliinama akaandika jina lake lote, herufi moja moja, bila haraka. Kisha akamwingiza Kibibi darasani mwenyewe.